Bawa la stairofomu linaanza kuvunjika mgongoni

Juzi kijana mmoja wa Jambiani kaniletea ndege yake ya rimoti, bawa limekunjika kama daftari, anataka kuitupa anasema stairofomu hii mbovu atafute nyengine. Nkamwambia ngoja kwanza tulitazame. Chini kabandika selotepu pana ya maboksi ncha hadi ncha, na selotepu yenyewe nzima kabisa, haijachanika popote. Juu sasa, jirani na bodi, punje zimeminyana zimesagika mstari mmoja. Hapo ndo pa kutazama.

Ndege ikiwa hewani ncha za mabawa zinasukumwa juu, betri na mota pale kati zinavuta chini, kwa hiyo tumbo la bawa linavutwa na mgongo unaminywa. Selotepu kuvutwa inaweza sana, ila ukiiminya inajikunja tu, na stairofomu ukiiminya inabonyea, basi mgongo ukabaki peke yake. Halafu mzigo wenyewe si ule wa mizani. Ndege ya gramu 800 ukiilaza digrii 60 kwenye kona bila kuiacha ishuke, mabawa yanabeba kilo 1.6, na ukiinyanyua ghafla kutoka kwenye mbizi unazidi hapo tena. Na huyu alikuwa Paje, upepo wa kusi umeshika!

Mie napasua mwanzi mkavu napata fito mbili za milimita 3 hivi. Nachana mfereji pale bawa lilipo nene zaidi, kama thuluthi moja kutoka ukingo wa mbele, fito moja naizamisha mgongoni na nyengine tumboni, zitazamane. Wengi wanatia fito moja katikati ya unene wa bawa na hapo haifanyi kazi yoyote ya maana, kwa sababu nguvu inatokana na ule umbali baina ya fito mbili, ukiuzidisha mara mbili ugumu wa kupinda unakuwa mara nne. Aliyeona foromali ya jahazi, ule mti unaobeba tanga, atanielewa, nene katikati halafu inachongoka kwenda nchani, na fito zako zichonge hivyo hivyo, zipite ndani ya bodi bila kiungo (tafadhali usiunge katikati, ndo penye mzigo mkubwa kuliko pote) na ziishie kabla ya ncha, maana uzito wa nchani unaifanya ndege iwe nzito kulala kwenye kona.

Gundi nayo. Supaglu ya kawaida inakula stairofomu, unaona shimo linajichimba mbele ya macho yako, na thina, petroli na rangi nyingi za kupuliza ni vivyo hivyo. Natumia epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili, nyembamba sana, maana ukiimwaga inapita mwanzi kwa uzito. Gundi ya bunduki ile ya kuyeyusha kwa moto siitaki, gari ikifungwa vioo kwa jua letu la mchana inalainika na fito ya mwanzi inaanza kuteleza.

Ile ya Jambiani imeongezeka gramu 18 tu. Tukatia betri, tukaishika ncha mbili za mabawa tukainyanyua taratibu, bawa likapinda kidogo likarudi, na mgongo nikaupitisha kidole pale palipokuwa pamesagika, hapana mkunjo hata mmoja.