Ati mtafiti wa sokwe kazi yake ni kubeba sokwe begani?

Hapa Kisumu ukisema unataka kusomea sokwe, wa kwanza kukusikia atakuuliza kama unaenda Kakamega. Zii. Kakamega kuna kima na mbega, hao wana mikia, sokwe hana. Kenya hatuna sokwe wa porini, wale wako kwa hifadhi ya Sweetwaters huko Laikipia ni wa kuokolewa, kikundi cha kwanza kililetwa kutoka Burundi miaka ya 90. Ukitaka wa msituni, vuka Busia uingie Uganda.

Dhana inayoniuma zaidi ni ile ya kumkumbatia mnyama. Watu wanaona picha wanasema huo ndio upendo, kumbe mtafiti makini hukaa mbali na kuvaa barakoa, juu magonjwa yetu yanawaua, hata homa ya kawaida tu. Mwaka wa 1996 gorila, hao sokwe wakubwa, wa msitu wa Bwindi huko Uganda walianza kunyonyoka manyoya, wanajikuna hadi ngozi inakuwa nyeupe, na daktari wa wanyama aliyeitwa, Gladys Kalema-Zikusoka, akampigia rafiki yake anayetibu watu akamuuliza ni ugonjwa gani wa ngozi unasumbua watu sana huku kwetu. Upele! Mtoto mmoja wa gorila alikufa, wengine wakapona kwa dawa ya ivermectin. Inaaminika waliupata kwa nguo chafu zilizovalishwa sanamu za kufukuza wanyama shambani.

Na huyo Gladys ni Mganda, kwa hivyo hii story ya ati ni kazi ya wazungu tuiache.

Kazi yenyewe mara nyingi ni kuokota mavi. Gorila hujitandikia kitanda kipya cha majani kila jioni, asubuhi anaenda na kuacha kinyesi hapo hapo, wewe unakuja nyuma unahesabu vitanda, unachota kidogo unaweka kwa chupa, maabara inapima DNA inajua nani alilala wapi ndio msihesabu mmoja mara mbili. Hivyo ndivyo tulijua kufikia 2018 gorila wa milimani wamepita 1,000.

Wengine wanadhani kulinda ni bunduki na kufukuza wanakijiji. Askari wa msitu wanahitajika, sikatai, lakini shirika ambalo Gladys alianzisha 2003 linatumia wanakijiji wenyewe, wanazunguka nyumba kwa nyumba wakiongea kuhusu choo, TB na kupanga uzazi, halafu wanauliza kama gorila wameingia shambani.