Yule ndege hajatumwa na mtu

Asubuhi moja watoto wa jirani walinigongea mlango huku Muhumba, mtaa wa Bukavu. "Papa, kuko ndege moja mu avoka, inasema Kifaransa!" Nikachukua darubini, nikatoka nikiwa bado na mswaki mfukoni. Chini ya mti walikuwa wameshafika watu kama kumi na watano, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Mama mmoja alisema ni ishara, kuna mtu wa mtaa ataondoka. Kijana anayetengeneza simu pale barabarani alisema ni ndege wa Amerika, kaletwa na upepo, na wazungu wakisikia watatoa dola. Mzee mwenye kiwanja aliamuru asiguswe mpaka ijulikane katumwa na nani. Mwingine alitazama darubini yangu kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama ndege.

Ndege mwenyewe alikuwa kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, na manyoya ya bawa la kushoto yamekatwa kwa mkasi, sawasawa kama nywele za mwanafunzi. Alisema "alo, alo" mara mbili, akanyamaza.

Naangalia ndege kwa miaka mingi, lakini sijawahi kupata dhana zote potofu zimekusanyika chini ya mti mmoja namna ile. Ngoja nizipitie.

Dhana: ndege asiye wa hapa amepotea

Kasuku yule hakupotea, alitoroka. Makao yake ni misitu ya bondeni, kule Shabunda na Walikale, ambako hunaswa na kuuzwa. Bukavu iko juu mno na ina baridi mno kwake. Manyoya yaliyokatwa yalikuwa yameshasema kila kitu: kulikuwa na tundu mahali fulani, na mlango haukufungwa vizuri.

Wanaofuatilia ndege wageni huanza na swali hili kabla ya kushangilia lolote: amekuja mwenyewe, au kaletwa? Brussels leo imejaa kasuku wadogo wa kijani, wanapiga kelele bustanini hata wakati wa theluji. Hao ni wazao wa ndege walioachiliwa mwaka 1974 kutoka bustani moja ya burudani mjini humo. Hakuna upepo uliowaleta. Hata sambaza, samaki wadogo tunaowakaanga kila jioni, ni wageni wa aina hiyo: walitolewa Ziwa Tanganyika na kumwagwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo mvuvi anayewaimbia usiku angekushangaa ukimwambia babu yake hakuwajua.

Halafu kuna msafiri wa kawaida, ambaye ametoka mbali sana lakini yuko njiani kwake. Mbayuwayu wanaojaa kwenye nyaya za umeme mwezi wa kumi na moja wengi wao wamezaliwa Ulaya. Kozi wa Amur huzaliana mashariki ya mbali ya Urusi na kaskazini mwa China, kisha huvuka Bahari ya Hindi kwenda kukaa kusini mwa Afrika. Ni safari ya kutisha, na anaifanya kila mwaka, kwa makusudi. Aliyepotea kweli ni yule anayeonekana mahali ambako aina yake haina desturi ya kufika, na hakuna mtu aliyembeba.

Dhana: ni upepo tu

Upepo una sehemu yake. Dhoruba za Atlantiki hutupa ndege wa Amerika kwenye pwani za Uingereza na Ireland karibu kila vuli. Kijana wa simu hakukosea kabisa, ila upepo ni jibu linalokuja haraka mno.

Miaka ya 1950 mtafiti Mholanzi aitwaye Perdeck alikamata kwenzi zaidi ya 11,000 waliokuwa wakipita Uholanzi kuelekea kusini-magharibi, akawapakia kwenye eropleni, akawaachilia Uswisi. Kwenzi wazima waligundua wamehamishwa: waligeuza mwelekeo, wakaelekea kaskazini-magharibi, kule walikokaa msimu uliopita. Vifaranga vya mwaka ule havikugundua. Viliendelea na mwelekeo uleule wa kusini-magharibi, vikaishia kusini mwa Ufaransa na Uhispania. Matokeo yalitoka mwaka 1958, na mpaka leo ndiyo yanayoeleza kwa nini ndege wengi wanaopatikana mahali pa ajabu ni wachanga. Mtoto huzaliwa na dira, lakini ramani huipata kwa kusafiri. Dira yake ikikosea kidogo, au akianzia mahali pasipo pake, hana cha kumrudisha.

Dira yenyewe nayo husumbuliwa. Utafiti uliotoka mwaka 2023 ulichambua kumbukumbu za ndege zaidi ya milioni 2, wa aina 152, walionaswa na kuachiliwa Amerika Kaskazini kati ya 1960 na 2019. Ulikuta kwamba wakati usumaku wa dunia unapovurugika, ndege wengi zaidi huonekana nje ya njia zao, hasa katika safari za vuli, hata hali ya hewa ikiwa shwari kabisa.

Dhana: aliyepotea lazima afe

Wengi hufa, sitawadanganya. Lakini huko visiwa vya Faroe, kaskazini kabisa mwa Atlantiki, albatrosi mmoja wa bahari za kusini aliishi kuanzia 1860 mpaka 1894 kwenye mwamba wa ndege wa baharini ambao hata si ndugu zake. Kila mwaka alirudi nao. Wenyeji walimwita mfalme wao. Hakufa kwa kupotea. Alipigwa risasi.

Na kuna yangeyange. Yule yule mweupe, mwembamba, anayefuata ng'ombe wetu kuanzia uwanda wa Ruzizi mpaka Masisi, anayeokota panzi wanaoshtuliwa na kwato. Mwaka 1877 yangeyange alionekana mpakani mwa Guyana na Suriname, Amerika Kusini. Alikuwa amevuka Atlantiki kutoka Afrika. Fikiria kijiji kile siku ile: lazima alikuwepo mama aliyesema ni ishara. Ikapita miaka, wakaonekana wengine, na walikuta huko kitu ambacho wasingekikuta miaka mia tatu nyuma: ng'ombe, waliopelekwa na Wazungu. Mwaka 1941 yangeyange walifika Marekani, mwaka 1953 walikutwa na viota Florida, na sasa wanaonekana mpaka Kanada. Hakuna aliyewafuga wala kuwapakia melini. Kuna mmoja alipotea, kisha mwingine, mpaka kupotea kukawa njia.

Kwa hiyo anayekimbia kilomita mia tano kumtazama ndege mmoja wa ajabu hatafuti kioja peke yake. Huenda anamwona wa kwanza wa wengi. Kuna ndege mdogo wa nyasi wa Siberia ambaye zamani alihesabiwa mpotevu kila alipoonekana Ufaransa. Mwaka 2021 watafiti walionyesha kwamba sasa hukaa kusini mwa Ufaransa msimu mzima wa baridi, huondoka, na mwaka unaofuata hurudi. Mpotevu kwa kawaida harudi mahali alipopotelea.

Dhana: ndege adimu na ndege aliyepotea ni kitu kimoja

Hapa ndipo ninapogombana hata na wenzangu wenye darubini.

Mwaka 1951, katika milima ya Itombwe kusini mwetu, alipatikana bundi ambaye sayansi haikuwa imemwona. Alipewa jina la Prigogine, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika milima hii. Baada ya hapo ilipita miaka 45 kabla ya mwingine kunaswa kwenye wavu, mwaka 1996, humohumo Itombwe, akapigwa picha na kuachiliwa. Ni miongoni mwa ndege wanaoonekana kwa nadra mno Afrika nzima. Je, amepotea? Hata kidogo. Yuko nyumbani kwake. Sisi ndio hatujafika.

Au mchukue yule ndege mweusi mwenye kishungi cha manjano kichwani, wa milima hii ya magharibi ya Bonde la Ufa. Kwa karibu miaka 20 hakuonekana, akaingizwa kwenye orodha ya ndege "waliopotea" duniani. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 msafara wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso pamoja na wenzao Wakongomani, wakiwemo wa kituo cha utafiti cha Lwiro, ulipanda Itombwe. Wakamkuta. Si mmoja, kundi, wakirukaruka na kelele katikati ya msitu. Magazeti yakaandika kwamba amerudi. Arudi kutoka wapi? Vita ndivyo vilivyokuwa vimewafungia watu njia, si yeye.

Ndipo ninapokuja kwenye ramani. Ukifungua kitabu cha ndege utaona kila aina ina eneo lake lililopakwa rangi, na nje ya rangi hiyo ndege anaitwa mgeni. Lakini rangi hiyo imepakwa kwa kufuata mahali watu waliposimama wakatazama na kuandika. Uingereza ina jicho kila kichaka. Mwaka 1989 ndege mmoja mdogo wa Amerika, mwenye rangi ya dhahabu bawani, alionekana karibu na duka la Tesco huko Kent, na watu wakaja kwa maelfu kumwona. Tai mkubwa wa Kamchatka, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufika karibu mita 2.5, alionekana Alaska mwaka 2020, halafu mwaka 2021 akaonekana Kanada ya mashariki na Massachusetts, kisha Maine. Watu walijua ni yuleyule kwa kulinganisha mabaka meupe ya bawani kwenye picha za wapita njia. Jimbo baada ya jimbo, kulikuwa na mtu mwenye kamera.

Tai huyo angepita juu ya Ziwa Kivu angeonwa na wavuvi mia tatu, na asingeandikwa na mmoja. Ndiyo maana mtu akiniambia "ndege huyu hayupo Kivu Kusini, kitabu kinasema", huwa namuuliza kitabu kililala wapi kilipokuja.

Dhana: ni ishara

Bundi hulia kwa sababu anatafuta mwenzi au analinda eneo lake. Mama yule nilimsikiliza kwa heshima, maana alikuwa amefiwa mwezi ule, na mtu aliyefiwa huona maana kila mahali. Sikubishana naye.

Weupe nao huwasumbua watu. Kunguru akizaliwa na mabaka meupe asiyopaswa kuwa nayo, au mwewe akitoka mweupe kama pamba, watasema katoka ng'ambo au kwenye ulimwengu mwingine. Ni ukosefu wa rangi kwenye manyoya, jambo la kurithi. Tazama mdomo, miguu na anavyoruka, utamjua ni wa hapahapa.

Dhana: darubini ni ya mpelelezi

Hii si ya kuchekea katika mji wetu, na tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, nimeacha kabisa kuelekeza darubini upande wa barabara, kambi au bandari. Natazama ziwa na miti, na natoka na mtoto, maana mtu mwenye mtoto haogopeshi.

Lakini hatuko peke yetu. Mwaka 2013 huko Misri korongo alikamatwa na kuwekwa kizuizini kwa kuwa alikuwa na kitu mgongoni kilichodhaniwa ni cha kijasusi. Kilikuwa kifaa cha kufuatilia safari zake. Ukiona pete mguuni mwa ndege, au kisanduku kidogo mgongoni, soma namba, piga picha, mwache aende. Kabla ya pete, Ulaya haikujua ndege wake wanakwenda wapi. Wapo walioamini mbayuwayu hulala matopeni msimu wote wa baridi. Mwaka 1822 korongo alipatikana Ujerumani akiwa na mshale wa karibu sentimita 80 umepita shingoni, na mti wake ulikuwa wa Afrika ya kati. Mwindaji wa huku aliyemkosa kidogo ndiye aliyewajibu.

Dhana: wazungu watalipa

Hawalipi kwa ndege. Wanalipa tiketi, hoteli, mwongozaji na chakula. Wakifika wanatazama, wanaandika, wanarudi. Anayelipa kwa ndege mwenyewe ni mfanyabiashara wa kasuku, na biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini ilipigwa marufuku kwa uamuzi uliopitishwa mwaka 2016, ukaanza kutumika mwaka uliofuata.

Hayo ndiyo niliyomweleza kijana wa simu chini ya mti wa avoka. Nikamwambia pia kwamba Lwiro wanapokea kasuku walionyang'anywa wafanyabiashara, na kwamba manyoya yaliyokatwa huota upya, ila huchukua miezi. Alinisikiliza vizuri kuliko wote. Aliniuliza hata wanakula nini.

Watoto niliwapa daftari. Waliandika tarehe, saa, mti, idadi: moja. Kwenye nafasi ya sauti wakaandika: alo, alo.

Siku ya tatu mti ulikuwa mtupu. Nilipopita barabarani kijana alinisalimia kwa furaha, akanyoosha mguu juu ya benchi ili nione viatu vyake. Vilikuwa vipya. Sikumuuliza.