Neno la Mwaka: Lichague Pale Unapojikwaa

Usiku wa tarehe 31 Desemba, kuanzia Kayole hadi Kawangware, makanisa hujaa watu wa kesha. Saa sita ikishapita, mhubiri hutangaza neno la mwaka: mwaka wa kuvuka, mwaka wa milango kufunguka, mwaka wa kurejeshewa. Januari ikianza kuchanganya, neno hilo liko kwenye mabango, kwenye fulana na nyuma ya matatu. Kwa hivyo mtu anapoketi mbele yangu na kusema anataka neno moja la kumwongoza mwaka mzima, hajaniletea jambo geni. Wakazi wa Nairobi tunalijua. Ila neno la kesha hupokelewa kama ahadi, na wala sina ugomvi nalo. Hili ninalowasaidia watu kulitafuta, mimi kama mshauri nasaha, ni la kufanyia kazi, na kwa kawaida tunalipata pale mtu anapojikwaa kila mara.

Wengi huchota kutoka kwenye matamanio yao. Utajiri. Amani. Mafanikio. Sasa chukua hilo "mafanikio" ulitumie saa kumi na mbili unusu asubuhi, umekwama Outering, mvua inanyesha, nauli imepandishwa ghafla na mkubwa wako kazini ameshatuma ujumbe wa kwanza. Litakuambia ufanye nini? Litakukumbusha tu kwamba bado hujafanikiwa.

Na kukumbushwa hivyo kila siku kunaweza kuumiza. Mwaka 2009 Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu watu wanaojirudia-rudia sentensi ya kujisifu kwamba wao ni wa kupendeka. Wale ambao tayari walikuwa wakijithamini walinufaika, tena kidogo tu. Wale wasiojithamini, ambao ndio hasa huambiwa wafanye hivyo, walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao ambao hawakuirudia. Mtu akijiambia jambo ambalo moyoni haliamini, kichwa chake huanza kumletea ushahidi wa kulipinga. Ndiyo maana neno kama "ushindi" simpi mtu aliyefutwa kazi mwezi Novemba.

Basi neno linasaidia vipi? Kwanza linashika macho na masikio. Mwaka 1953 Mwingereza Colin Cherry aliwavalisha watu vipokea sauti, sikio hili likapata ujumbe mmoja na lile ujumbe mwingine, akawaambia wafuatilie mmoja tu. Ule mwingine hawakuweza kusimulia karibu chochote. Miaka sita baadaye Neville Moray aliingiza jina la msikilizaji kwenye ujumbe uliopuuzwa, na baadhi yao wakalisikia. Kila mtu aliyewahi kupita Muthurwa anajua jambo hilo: makelele yote yale, makanga, vipaza sauti, mikokoteni, na bado ukiitwa jina unageuka. Neno ulilolibeba kwa miezi kadhaa nalo huanza kukuitia mambo ambayo zamani yalikupita tu.

Pili, na hapa ndipo penye utamu kwangu, linakupa nafasi ndogo ya kusita. Miaka ya 1960 daktari Aaron Beck wa Philadelphia aligundua kwamba kati ya tukio na hisia hupita fikra ya haraka sana, ambayo mwenyewe haioni mpaka afundishwe kuinasa. Tiba ya fikra na tabia, ambayo wengi wetu tunaitumia leo, imejengwa hapo.

Nitoe mfano, nikiwa nimebadilisha kazi na mtaa wa mhusika ili asijulikane. Ni kifungua mimba, mhasibu katika kampuni moja Industrial Area. Alikuja na neno lake tayari: "Uhuru", akimaanisha kutoka kwenye madeni. Nikamwomba tuliweke kando kwanza, anisimulie siku moja ya wiki iliyopita iliyomharibikia, saa baada ya saa. Tulipofika Jumanne mchana tukasimama. Mdogo wake alikuwa amepiga simu kutoka nyumbani. "Kaka, niko na shida kidogo." Kabla sentensi haijaisha, huyu bwana alikuwa ameshajibu, "Sawa, nitatuma." Akafungua simu, akakuta hakuna kitu, akakopa papo hapo, akatuma. Jioni akamfokea mkewe kwa sababu ya mafuta ya kupikia.

Nilimuuliza ni nini kilipita kichwani kati ya "shida kidogo" na "nitatuma". Mara ya kwanza akasema hakuna kitu. Tukarudia polepole. Kisha akasema, akiangalia sakafu: "Nisipotuma, mimi si kaka." Ndiyo hiyo fikra yenyewe. Neno tulilotoka nalo siku hiyo lilikuwa "Uliza".

Simu iliyofuata alimjibu mdogo wake, "Pole sana. Ni ya nini, na inahitajika lini?" Kukawa kimya. Halafu: "Ni ya mbegu, lakini hata mwezi ujao ni sawa." Wakaongea kuhusu shamba, kuhusu mama, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kwa muda mrefu. Pesa bado anatuma. Madeni hayajaisha, na nisimdanganye mtu kwamba neno litalipa kodi ya nyumba. Ila zamani simu ikiita aliona bili, na sasa anaona mtu.

Ukitaka kulijaribu mwenyewe, anza na siku iliyokuharibikia, kama yeye. Utafute kitendo ambacho kingeigeuza, na kiwe cha dakika mbili au tatu, si cha mwaka. Halafu ulifunge neno lako kwenye kituo maalumu. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwamba azimio lililopangiwa wakati na mahali, kwa mtindo wa "likitokea hili, nitafanya hili", hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Kwa hiyo "Uliza" peke yake haitoshi; ni "nikiombwa pesa, nitauliza mambo mawili kwanza". Wengine wanalifunga kwenye kufuli ya mlango, wengine kwenye hatua ya kwanza ya kupanda matatu.

Usilitangaze kwenye status ya WhatsApp. Najua linapendeza likiwa na picha ya machweo, lakini Gollwitzer huyohuyo na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba nia inayohusu utu wako, ikishatambuliwa na wengine, huweza kukupa hisia ya kwamba umeshafika, ukapunguza bidii. Mwambie mtu mmoja, yule ambaye atakuuliza.

Na si lazima iwe Januari. Karo, sare, vitabu, kodi: Januari ya Nairobi ni ndefu, na mtu aliyebanwa hivyo huchagua neno la hofu. Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha mwaka 2014 kwamba ari ya kuanza upya hupanda pia mwanzo wa wiki, mwanzo wa mwezi na baada ya siku ya kuzaliwa. Mimi hupendelea Jumatatu yoyote ya Februari.

Kuna hali ambazo neno halizitoshi. Ukiwa umezama kwenye huzuni karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hulali, huna hamu ya chochote, nenda hospitali, ukaonwe na mhudumu wa afya ya akili. Usikae nyumbani ukitafuta neno.

Swali ninaloulizwa sana na wanandoa ni kama mtu anaweza kumchagulia mwenzake. Mama mmoja alilileta akiwa ameshajiandaa. "Daktari, naweza kumchagulia mzee wangu?" Nikamuuliza ni neno gani. "Rudi mapema," akasema. Nikamwambia hayo ni mawili, na kwamba wiki ijayo aje naye.