Makala ya Kisayansi: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Mtu akisema "imeandikwa kwenye jarida la kisayansi", mara nyingi wenzake hunyamaza. Wangemuuliza kwanza: jarida gani, nani alikagua data, na je, makala bado inasimama?

Dhana: Makala iliyopitiwa na wahakiki imethibitishwa.

Mhariri hutuma andiko kwa wahakiki, yaani wataalamu wa fani hiyo, kwa kawaida wawili au watatu, wanaofanya kazi hiyo bila malipo. Husoma mbinu, hukagua majedwali, huuliza kama hitimisho linabebwa na matokeo. Hawarudii jaribio, na mara nyingi data ghafi hawaioni kabisa.

Tarehe 22 Mei 2020 jarida la The Lancet lilichapisha makala kuhusu matumizi ya hydroxychloroquine, dawa ya malaria, kwa wagonjwa wa UVIKO-19, ikidai kutegemea kumbukumbu za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671. Siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani lilisitisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Kasoro zilionwa na wasomaji: vifo vilivyohesabiwa Australia vilizidi vilivyokuwa vimetangazwa nchini humo. Kampuni ya Surgisphere, iliyodai kuwa na data hiyo, haikuitoa ikaguliwe, na tarehe 4 Juni waandishi watatu kati ya wanne wakaiondoa makala. Uhakiki hunasa makosa yanayoonekana kwenye andiko. Data ambayo mhakiki hakuonyeshwa hupita bila kuguswa.

Dhana: Makala ikibatilishwa, yaani ikitangazwa kuwa haipaswi tena kutegemewa, hufutika.

Kwa kawaida hubaki palepale ikiwa na alama ya kubatilishwa. Makala ya daktari Mwingereza Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyohusisha watoto 12 tu na kuzua hofu juu ya chanjo ya surua, ilibatilishwa mwaka 2010. Kwa miaka 12 ilinukuliwa kama makala halali, na nakala zilizokwisha kupakuliwa hazijibadilishi zenyewe. Basi kabla ya kunukuu, chukua namba ya DOI, yaani namba ya kudumu ya utambulisho wa makala (huanza na 10.), iandike baada ya doi.org/ na usome ukurasa wa jarida lenyewe. Wala si kila ubatilishaji ni udanganyifu: wapo watafiti waliogundua kosa la hesabu wakaomba wenyewe makala yao iondolewe. Hao wanastahili heshima.

Dhana: Watafiti hulipwa na majarida, na jarida linalotoza ada ni la kitapeli.

Kwa kawaida mwandishi halipwi chochote. Katika majarida mengi yaliyo wazi kwa wasomaji wote, yeye au taasisi yake ndiye hulipa ada. Ada peke yake si dalili ya utapeli. Dalili ni barua pepe za sifa tele, ahadi ya kuchapisha ndani ya siku chache, na wahariri wasiopatikana popote. Mwaka 2013 jarida la Science liliripoti kwamba makala bandia, yenye makosa ya wazi, ilitumwa kwa majarida 304 na 157 yakaikubali. Angalia kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yaliyo wazi yaliyochujwa. Na ukikwama kwenye makala ya kulipia, mwandikie mwandishi ambaye anwani yake imewekwa kwenye ukurasa wa kwanza. Wengi hutuma nakala bure.

Dhana: Wanaochapisha ni maprofesa tu, na kilichochapishwa kimekwisha.

Erasto Mpemba aliona akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanzania, kwamba mchanganyiko wa aiskrimu ulioingizwa kwenye friza ukiwa moto uliganda kabla ya uliopoa. Alichekwa. Mwaka 1969, akiwa chuo cha wanyamapori karibu na Moshi, alichapisha makala pamoja na Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, katika jarida la Physics Education. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walirudia vipimo kwa maji ya moto na ya baridi, hawakupata ushahidi wa kutosha, wakaonyesha kuwa kutofautisha kina cha kipimajoto kwa sentimita 1 tu kunaweza kuleta matokeo yanayofanana na ya Mpemba. Wengine hawakukubaliana nao, na maji bado yanapimwa.