Ndugu Yako Siyo "Dunia"

Jumanne ni siku yangu ya ushauri, hapa Kirumba, Mwanza, na Jumanne iliyopita nimeusikia tena wimbo ule ule. Safari hii kwa mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni. Ametoka mzigoni moja kwa moja, kanga inanukia ziwa, simu ameishika mkononi. Baada ya "Bwana asifiwe" akanieleza, tena kwa fahari, kwamba ana miaka miwili hajaongea na kaka yake wa tumbo moja. Kaka ana baa Igoma. Namba yake ameifungia.

"Mchungaji, mimi nimeachana na dunia."

Nikamuuliza, na watoto wa kaka je? "Nao wako kule kule."

Nimekuwa mchungaji muda mrefu na jambo hili halijawahi kuacha kunichosha. Kwa hiyo leo naandika, ili Jumanne ijayo nimpe mtu karatasi asome huku mimi nakunywa chai.

Dhana: Ukiokoka, watu wa dunia unawakata

Mstari wanaonitupia ni 1 Yohana 2:15: "Msiipende dunia, wala mambo yaliyomo katika dunia." Sawa. Lakini katika Injili ya Yohana huyo huyo, sura ya 3, tunasoma kwamba Mungu "aliupenda ulimwengu". Biblia yetu ya Kiswahili imetupa maneno mawili, dunia na ulimwengu, na watu wakajenga ukuta katikati: dunia ni wale wabaya, ulimwengu ni sisi tuliopendwa. Kwenye Kigiriki neno ni moja tu, *kosmos*. Kile Mungu alichokipenda hata akamtoa Mwanawe, na kile tunachoambiwa tusikipende, vimeitwa kwa neno lile lile.

Basi Yohana anajipinga? Hapana, ila usome na mstari wa 16 wa ile ile 1 Yohana 2, ambao sijui kwa nini huwa unarukwa. Anataja mwenyewe ni nini hicho kilichomo duniani: tamaa ya mwili, tamaa ya macho, na kiburi cha uzima. Tafuta hapo jina la mtu. Kaka hayumo, shangazi hayumo, wala jirani Mwislamu anayekuletea futari. Ni mambo matatu, yote makazi yake ni kifuani. Yanaweza kukaa kifuani kwa mwenye baa, na yanaweza kukaa kifuani kwa mzee wa kanisa mwenye Biblia ya zipu, anayechagua kiti cha mbele harusini na kununa akikikosa.

Paulo alikutana na kichwa kigumu cha namna hii Korintho. Aliwaandikia wasichangamane na wazinzi, wakaelewa ndivyo sivyo, ikabidi aandike tena (1 Kor 5:9-12). Sikusema wazinzi wa dunia hii, anawaambia, maana hapo ingewalazimu kutoka katika dunia. Nilimaanisha mtu aitwaye ndugu, aliyemo humo kanisani, anayeendelea na uovu wake huku anashiriki nanyi. Kuhusu walio nje anauliza: yanihusu nini kuwahukumu?

Sisi tumeigeuza. Mwenye baa wa Igoma hatumsalimii, na mshirika mwenzetu anayedhulumu mishahara ya wavuvi wake tunampa kamati ya ujenzi.

Naongea kwa ukali kwa sababu nilishafanya. Nilipookoka nikiwa kijana, nilikwenda nyumbani Sengerema, nikakuta baba amechinja mbuzi. Nilijua sehemu ya mbuzi yule ilikuwa ya tambiko. Nikasema sili. Hapo sijutii, tambiko sikulitaka na silitaki hadi leo. Lakini sikuishia hapo: nilikataa na maji, nikakataa kukaa kwenye kigoda, nikamhubiria baba yangu nikiwa nimesimama mlangoni na begi begani, kama mgambo aliyekuja kudai ushuru. Mama alipika ugali mwingine na sato peke yake, akaniwekea pembeni, akafunika kwa sahani. Sikufunua. Nilipanda gari la jioni nikajiona nimeshinda. Ilichukua miaka sita baba kuniita tena kwa jina langu.

Kumbe ningeweza kusema, "Baba, nyama hii sitakula, ila sato wa mama nitamla wote," nikakaa.

Dhana: Ukiwa karibu naye, umekubali anachofanya

Hili nalo. Mafarisayo walinung'unika hivyo hivyo katika Luka 15: "Huyu huwakaribisha wenye dhambi, tena hula nao." Hakuna mahali Yesu aliposimama kukanusha kwamba alikula nao.

Na sisi wa ziwa hili tuna habari yetu. Desemba 1877, kule Ukerewe, wamisionari wawili Waanglikana, Shergold Smith na Thomas O'Neill, waliuawa katika ugomvi wa mtemi Lukonge na mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Songoro. Songoro alikuwa amewakimbilia wao, nao hawakumtoa. Sijawahi kusikia mtu akisema walikufa Waislamu.

Dhana: Basi kupenda ni kukubali kila kitu

Hawa ni wa upande wa pili, na mjini wanaongezeka. Mpwa wako anakuomba mtaji, unajua anakwenda kununua kokoro, ule wavu wa kukokota, na kokoro imepigwa marufuku kwa kuwa inazoa mpaka samaki wachanga. Unampa kwa sababu "ni damu yangu"? Huo ni woga wa lawama za ukoo. Mwambie hapana kwenye kokoro, na mtoto wake akiugua uwe wa kwanza kufika hospitali. Yakobo 1:27 imeweka yote mawili kwenye sentensi moja: kuwatazama yatima na wajane, na kujilinda na dunia pasipo mawaa.

Dhana: "Mpende mwenye dhambi, uchukie dhambi" ni mstari wa Biblia

Siyo. Chanzo chake cha karibu ni barua ya Agostino wa Hippo kwa watawa wa kike, karne ya 5, akiwafundisha namna ya kumrekebisha dada mwenzao ndani ya nyumba yao. Ndani, narudia. Neno ni zuri, ila wengi hulitumia kama kibali cha kuchukia kwanza, kupenda kutafuata nafasi ikipatikana.

Dhana: "Msifungiwe nira" (2 Kor 6:14) maana yake usifanye biashara na asiyeamini

Mtu aliyekulia Usukumani hahitaji mchungaji kwa hili. Nira unaijua. Ng'ombe wawili shingo moja, akikata kona huyu na yule amekata. Ndoa ni nira. Ubia wa mtumbwi ambao mwenzako anaamua peke yake uvue nini na kwa wavu gani, unaweza kuwa nira. Kumuuzia mtu ndoo ya dagaa siyo nira, vinginevyo Mwaloni ingefungwa kesho.

Yule mama alisikiliza yote haya akiwa amekunja uso. Mwisho akauliza lililokuwa linamsumbua kweli: wiki ijayo kuna arobaini ya mama mkwe wa kaka, pombe itakuwepo, akienda wakimpa kikombe atafanyaje?

Nikampa ushauri wangu ninaowapa wote, na wengine wameshauchoka. Nenda mapema, ingia jikoni, shika vyombo uoshe. Mtu mwenye mikono ndani ya beseni la maji hakuna anayempa kikombe cha pombe, na kila mwanamke wa ukoo atapita hapo kuongea nawe.

Akacheka. Kisha akatoa simu, akaitazama kwa muda, akaniuliza namba uliyoifungia unaifunguaje. Sikujua. Tukamwita kijana wa vyombo vya muziki.