Upepo wa kusi hauleti homa ya mafua

Kila kusi ikianza kuvuma, wazazi huniambia mlangoni: "Mwalimu, funga madirisha, watoto watashikwa na homa." Nalea watoto 12 hapa Kisauni, chumba kimoja chenye mikeka na feni, na ombi hilo nimelisikia miaka yote. Linatoka kwenye mapenzi. Lakini upepo hauambukizi mtu.

Homa ya mafua huletwa na virusi, na virusi hutoka kwa mtu: akikohoa, akipiga chafya, au mkono uliofuta kamasi ukishika kikombe cha mwenzake. Juzi mtoto aliramba kigari cha plastiki, akampa jirani yake, naye akakitia mdomoni papo hapo. Madirisha yakifungwa, pumzi za wote hubaki ndani na virusi hurundikana. Mimi hufungua yote. Mvua ikinyesha, huacha yale yasiyorushiwa maji.

Tabu kubwa ni kwamba mtoto huweza kuambukiza siku moja kabla ya kuonyesha dalili, na wadogo huendelea hata zaidi ya wiki. Ndiyo maana siku za ugonjwa silipishi ada. Mama anayekaanga mahamri alfajiri hana pa kumwacha mwanawe. Ukimlipisha, atamleta tu, na wiki ijayo nitakuwa na wagonjwa watano. Hasara hiyo naibeba.

Antibiotiki nazo haziui virusi. Mtoto hurudi akishamaliza saa 24 bila homa, na bila kupewa dawa ya kuishusha.