Bango la zamani usilipige grenda kabla hujalisoma

Mambo vipi wadau. Mwezi huu nimeulizwa mara tatu swali lilelile: mtu ana bango la zamani la kivutio cha kihistoria kando ya barabara, limeliwa na kutu, maandishi yamefifia, je alitupe aweke jipya au alitengeneze lilelile? Mi kazi yangu ni mabango, nilianza na brashi na rangi ya mafuta kabla hizi mashine za kukata stika hazijaenea, na kazi zangu nyingi ziko njia hii ya Iringa kwenda Mbeya mpaka Tunduma, kwahiyo najibu kwa niliyoyashika kwa mikono yangu.

Usianze na maandishi, anza na miguu. Nguzo nyingi zinaoza pale chuma kinapoingia kwenye zege, maji ya mvua yanatuama hapo na kutu inakula kwa ndani huku juu rangi bado inang'aa. Chukua nyundo ndogo, gonga kuanzia usawa wa kifua ukishuka taratibu, kikilia kwa mlio mkali chuma kipo, kikilia kama debe lenye ufa basi hiyo nguzo imekwisha. Weka mpya, na zege lipandishe kidogo juu ya udongo ulipe mteremko pande zote maji yakimbie. Ila nguzo kuoza sio sababu ya kutupa bati lake, na hapo ndo wengi wanapopoteza vitu ambavyo havirudi.

Nikiwa bado najifunza kazi tulipewa bango la eneo moja la kihistoria tulisafishe tuandike upya. Tukaingia na grenda moja kwa moja. Nimefika kona ya chini naona chini ya rangi nyeupe kuna kijani kibichi, na kwenye ile kijani kuna herufi za brashi, zile zenye mikia, nyembamba kupanda nene kushuka, mkono wa mtu aliyeiva kabisa. Nilizima mashine lakini robo tatu ya bati ilishakuwa vumbi kwenye viatu vyangu. Iliniuma sana na inaniuma mpaka leo, maana yale yalikuwa maneno ya kwanza ya pale mahali na mi ndo niliyeyafuta.

Tangu hapo nafanya hivi. Naenda saa moja asubuhi jua likiwa chini, napiga picha nikiwa nimesimama pembeni ya bango, sio mbele, kwasababu pale palipoandikwa kwa brashi rangi ilikuwa nene na chuma hakikuchakaa sawa na pembeni yake, basi mwanga wa ubavuni unanyanyua herufi ambazo mchana huzioni kabisa. Afu nabandika karatasi nyepesi nasugua penseli juu yake napata umbo lote. Ndo naosha kwa maji na sabuni, msasa laini kwa mkono, kutu iliyotokeza tu, kisha rangi ya kuzuia kutu, na mwisho naandika upya nikifuata umbo lilelile. Nikiona bati limetoboka mno nanakili kwenye jipya, na lile la zamani linaenda ndani kwa watunzaji wa eneo, haliendi kwa watu wa skrepa.

Sasa maneno yenyewe. Gari la spidi 80 linakata mita 22 kila sekunde, na mi huwa nahesabu kila sentimita 1 ya urefu wa herufi inasomeka kwa mita 3 mpaka 4, kwahiyo herufi ya sentimita 20 inampa dereva kama sekunde 3 hivi, na ndani ya hizo asome, aamue, apunguze mwendo. Barabarani andika jina, mshale na kilometa, basi. Kwa mfano Isimila, kama kilometa 20 toka Iringa mjini, habari za zile zana za mawe za kale na uchimbaji wa mwanaakiolojia Clark Howell wa 1957 na 1958 ziweke kule ndani kwenye ubao wa mtu aliyesimama.

Na huo ubao wa ndani usiuandike wote kwenye bati moja. Kimondo cha Mbozi kimekaa palepale, lakini bango lolote lililosema Mkoa wa Mbeya lilikuwa sahihi mpaka 2016 ulipozaliwa mkoa wa Songwe. Uzito nao, kuna maandishi yanasema tani 12, mengine tani 16. Kwahiyo jina na yale yasiyobadilika nayaandika kwa brashi kwenye bati kubwa, mkoa, vipimo na kiingilio vinakaa kwenye kibati kidogo cha skrubu unachobadilisha kwa bei ndogo. Tarehe za vita usizitoe kichwani. Lugalo, pale Wahehe walipowapiga Wajerumani, ni 17 Agosti 1891, na fuvu la Mkwawa, chifu wao, lililoko Kalenga lilirudishwa 1954, kosea tarakimu moja na watoto wa shule watainakili kwenye madaftari miaka kumi.

Vibali msisahau, barabara kuu hifadhi yake ni mita 30 kila upande toka katikati kwa sheria ya 2007, ukichimba humo bila kibali cha TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, nguzo yako itang'olewa tu.

Kazi ya mwisho niliyofanya, kabla ya kukaza nati nilimwomba kijana wa bodaboda aende mbali arudi kwa mwendo wake wa kawaida, nikamuuliza umesoma nini. Akasema, "Jina nimeliona kaka, na mshale, kilometa sikuziwahi." Nilikuwa nimeziandika kwa sentimita 12 ili zitoshee. Tukalishusha, nikafuta, nikaziandika upya kwa 20, jina nikalisogeza juu kidogo. Alivorudi mara ya pili alizitaja hata kabla sijamuuliza.